Fundi Sikio na Tetemeko la Jua

Nyumbani kwetu hakuna siri, na sababu si kwamba tunapendana mno. Sababu ni sikio la mke wangu.

Mke wangu ni fundi bomba. Mtaa mzima unamwita Fundi Sikio, na hata mwenyekiti wa mtaa anapomwandikia barua rasmi huandika hivyo hivyo. Ana chuma kirefu kama mkongojo, ambacho kichwani kimechomekwa kipande cha mti kilichochongwa mfano wa kikombe kidogo. Hukisimamisha sakafuni, akaweka sikio juu ya mti, akafumba macho, kisha akakwambia maji yanavuja wapi chini ya saruji. Mafundi wengine huvunja kwanza ndipo watafute. Yeye hutafuta kwanza, halafu anabandua kigae kimoja tu, na kigae chenyewe anakirudisha.

Kazi alirithi kwa baba yake. Marehemu mzee alikuwa akisubiri mtoto wa kiume wa kumwachia spana, akapata mabinti watano mfululizo. Alipozaliwa wa tano akasema basi, yaliyoandikwa hayafutiki, akaanza kumbeba huyo huyo kwenda naye kazini. Ndiye mke wangu.

Mimi ni kinyozi. Tulikutana kwa sababu sinki langu la kuoshea vichwa lilikuwa likidondosha maji. Yeye ameinama chini ya sinki, mimi huku nikamnong'oneza mteja sikioni kwamba fundi huyu ana shingo nzuri.

"Asante," ikajibu sauti kutoka chini ya sinki.

Huo ni mwaka wa kumi na tisa sasa. Tunaishi na mama yake, mama mkwe wangu, ambaye kwa masikio ni kinyume cha binti yake: la kulia limestaafu, na la kushoto linachagua la kusikia.

Sasa, mwaka juzi, mke wangu aliitwa chuoni. Kuna jengo pale ambalo kazi yake ni kulitazama jua. Sikujua kama jua linahitaji kutazamwa, mimi nilidhani linatosha kutoka na kuzama, lakini ndivyo ilivyo: kuna chumba kimejaa kompyuta, na picha za jua zinaingia humo usiku na mchana kutoka kwenye vyombo vilivyorushwa angani. Sakafu ya chumba hicho ilikuwa imeanza kulowa. Mafundi watatu walishapita, wakavunja vigae kumi na vinne na kuacha maji palepale.

Mke wangu aliingia, akasimamisha chuma chake, akasema, "Zimeni feni." Zikazimwa. "Zimeni na hizo kompyuta." Hapo akatokea mama mmoja mwembamba, amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine ameisahau juu ya nywele, akasema kompyuta hazizimwi hata afe mtu.

"Basi msipumue kwa nguvu," mke wangu akasema.

Huyo mama ndiye Daktari wa Jua. Si daktari wa sindano. Ni daktari wa kusoma hadi vitabu vikaisha. Lakini kule chuoni kila mfagizi aliyeumwa kichwa kwa jua kali huenda kumwomba dawa, naye amechoka kueleza, siku hizi anaweka panadoli mezani.

Daktari akasimama pembeni kumtazama mke wangu anavyosogea hatua moja, anasikiliza, anasogea tena. Mwisho akashindwa kuvumilia.

"Fundi, samahani. Unasikiliza nini hasa?"

"Mimi niko juu, kilichoharibika kiko chini. Siwezi kuingia. Kwa hiyo nasikiliza mtikisiko unaopanda."

Daktari akavuta kiti, akakaa. "Dada yangu," akasema, "hiyo ndiyo kazi yangu."

Akamvuta mkono hadi kwenye kompyuta. Akamwonyesha jua, si lile la kukodolea macho likakuliza, bali duara la kijivu lenye chembechembe kama uji unaotokota. Akamweleza kwamba juu ya jua, mara kwa mara, hutokea mlipuko wa nguvu isiyo na mfano. Hilo linajulikana. Lakini wakati mwingine, dakika ishirini, nusu saa, hata saa nzima baada ya mlipuko, uso wa jua unaonyesha viduara vinavyotanuka, kama vya bwawa lililotupiwa jiwe. Mlipuko umelipiga jua, pigo limezama ndani, mawimbi yameshuka hadi kwenye joto kali zaidi, huko yakapindishwa, yakarudi juu mbali na pale yalipoingilia. Tetemeko. Na ukiyajua mawimbi, unajua kilichomo ndani, mahali ambapo hakuna atakayefika kamwe.

"Mnalijua tangu lini jambo hili?" mke wangu akauliza.

"Tuliliona mara ya kwanza miaka kama thelathini iliyopita. Jua lenyewe bila shaka linatetemeka tangu enzi na enzi."

"Na shida iko wapi?"

Daktari akavua miwani ya machoni, akaanza kutafuta nyingine. "Shida ni kwamba mlipuko unatokea juu, kwenye hewa nyembamba. Chini yake kuna uzito usiosemeka. Ni kama mtu apige meza kwa leso, msingi wa nyumba ukatikisika. Tena milipuko mikubwa mingi haitikisi chochote, halafu kamoja kadogo kakatikisa. Pigo linashukaje? Kila mmoja wetu ana lake."

Mke wangu si mtu wa kuachia swali lipite. Akamtuma mlinzi ghorofa ya juu, akamwambia afungue koki mpaka mwisho, kisha aifunge kwa mkupuo mmoja. Akampa Daktari kile chuma, akamwekea sikio vizuri kwenye mti. Wakangoja.

*Gu!*

Daktari aliruka, chuma kikaanguka. "Nini hicho?"

"Maji. Yalikuwa yanakimbia, yamefungiwa mlango ghafla, hasira yake imesafiri ndani ya bomba mpaka hapa. Aliyefunga koki yuko juu, kilio kiko chini. Na bomba lako limelegea hapa hapa chini ya kabati, kila mtu akifunga koki huko juu linagonga, limetoboka." Akagonga kigae kwa kidole cha mguu. "Hiki."

Kilikuwa hicho.

Daktari aliandika kwenye daftari kurasa mbili. Akawa mkweli pia, akasema jua halina mabomba wala koki, kwa hiyo mfano hauwezi kuwa jibu. Lakini alisema ni mara ya kwanza kuisikia kazi yake kwa sikio. Wakaagana kama watu waliosoma darasa moja.

Mchana mke wangu akatusimulia mezani. Mama alisikia neno moja moja. Mimi nilisikia yote, na matatizo yote yalianzia hapo.

Sijui kama umewahi kuwa kinyozi. Mteja amekaa, kichwa chake kiko mikononi mwako, hana pa kwenda, na ukimya ni aibu ya mwenye duka. Kesho yake mteja wa kwanza nilimwambia jua lina matetemeko. Ukweli mtupu. Wa pili nikamwambia matetemeko yenyewe ni makubwa kuliko yote ya duniani. Hilo nalo nadhani ni kweli, sikumuuliza mtu. Wa tatu, ambaye ni mwenye bucha, kichwa kikubwa, kazi ndefu, aliniuliza, "Sasa je, likipasuka?"

Mimi nikasema, "Ndiyo hapo sasa."

Maneno matatu tu. Sikuongeza la nne. Naapa.

Jumanne hiyo. Kufika Alhamisi mtaa ulikuwa unajua kwamba jua limepata ufa, kwamba chuo kinaficha, kwamba Jumamosi saa saba mchana kipande kitadondoka na mabomba yote yatakauka. Saa saba nani aliileta, mpaka leo hajajitokeza. Mtu akibisha, anaambiwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na hapo hoja inakuwa imekwisha.

Mke wangu kwa siku mbili hakujua lolote. Alijua tu kwamba ghafla kila nyumba inataka tangi. Aliamka alfajiri, akarudi jioni, mabega yamemshuka, uso unacheka. "Watu wameamka, baba watoto," akaniambia. "Miaka yote nawaambia wekeni akiba ya maji, leo wameelewa."

Nikasema, "Afadhali." Nikageukia ukuta nikalala.

Aliyemzindua ni mama. Ijumaa asubuhi mke wangu alimkuta mama yake ameburuta godoro hadi chini ya ngazi za zege za jirani, amekaa juu yake na mkoba wake mapajani.

"Mama, vipi tena?"

"Mkwe wangu hajakwambia? Jua linadondoka kesho. Ninyi bakini chini ya mabati."

Mke wangu hakugomba. Alichukua chuma chake, akaanza kazi anayoijua. Maji huwezi kuyakamata pale unapoyaona, huwa anasema, unayafuata kurudi nyuma mpaka kwenye tundu. Akaenda kwa mwenye tangi la mwisho: umesikia kwa nani? Kwa fundi cherehani. Fundi cherehani: kwa mke wa mwenye bucha. Mke wa mwenye bucha: kwa mume wangu. Mwenye bucha alikuwa anakata mfupa, akasema bila hata kuinua macho, "Niliambiwa nikinyolewa."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwona kwenye kioo changu, amesimama mlangoni. Nilikuwa na mteja nusu kichwa.

"Sogea mbali na huyo mtu," akasema, "usije ukamkata."

Nikasogea. Akaja taratibu, akakiweka chuma chake kifuani pangu, akainama, akaweka sikio kwenye mti, akafumba macho.

"Haya. Sema: si mimi."

"Si... mimi."

Akamgeukia mteja. "Inavuja," akamwambia.

"Shemeji," mteja akasema, "mimi sina neno, ila naomba amalizie na upande huu."

Sitasimulia yaliyosemwa nyumbani. Itoshe kwamba mtu mwenye sikio kama lile hana haja ya kupaza sauti, na hilo ni baya zaidi. Kilichomuuma si tetesi peke yake. Tayari kulikuwa na watu wawili watatu waliokuwa wakinong'ona kwamba Fundi Sikio katunga habari ya jua ili auze matangi. Jina la baba yake, miaka arobaini halijavuja, mimi nimelitoboa kwa maneno matatu.

Akampigia Daktari wa Jua. Akampigia mwenyekiti. Jumamosi saa nne ukumbi wa mtaa ulijaa mpaka madirishani. Wengine walikuja na ndoo za maji, za akiba.

Mwenyekiti alifungua kwa kusema penye wengi hapaharibiki neno. Mimi nilikuwa mstari wa nyuma, nikaona bora nikae kimya. Kisha akamkaribisha Daktari.

Masikini Daktari. Ni mtu mwema, ana akili kuliko sisi wote tukijumlishwa, lakini hakujua anaongea na nani. Alianza na kilomita. Akasema mawimbi hayo hukimbia kilomita makumi kwa sekunde moja, na kadiri yanavyosonga mbele ndivyo yanavyozidi kasi. Wanawake wakashika vichwa. Akasema mlipuko mmoja una nguvu ya mabomu mengi kiasi kwamba hakuna haja ya kuhesabu. Mtu akaanza kulia kule nyuma. Akasema, akidhani anafariji, kwamba mengi bado hatuyajui.

Mama mkwe wangu akasimama. "Mwanangu, mimi ni mtu mzima, nieleze kwa kifupi. Kitadondoka, au hakidondoki?"

Mtu yeyote angesema hakidondoki, tukaenda zetu. Daktari akafikiri. "Mama, kisayansi neno 'kamwe' huwa tunaogopa kulitumia..."

Ukumbi ukalipuka. Viti vikaanguka, ndoo zikamwagika, mwenyekiti akagonga meza mpaka glasi ikaruka. Katikati ya ghasia mke wangu akapanda jukwaani na sufuria lenye maji ya moto, limefunikwa, aliloliazima jikoni kwa mlinzi wa ukumbi. Akafunua. Mvuke ukapanda.

"Nani atanionyesha ufa hapa?" akauliza.

Watu wakatulia kidogo.

"Nauliza. Mvuke huu nikiupiga, utapasuka? Daktari, jua ni jiwe?"

"Hapana. Ni gesi ya moto, kutoka nje mpaka katikati."

"Lina ukuta? Lina saruji?"

"Halina."

"Mmesikia. Kisicho na ukuta hakipati ufa. Kikipigwa kinacheza, kinatulia. Kama maji ya ndoo. Daktari, kabla mume wangu hajalisikia, jua lilikuwa halitetemeki?"

Kicheko cha kwanza kikatoka, na najua kilikuwa cha mwenye bucha. Daktari akasema limetetemeka tangu kabla ya kuwapo binadamu, na tetemeko la kwanza kuonekana lilikuwa miaka thelathini iliyopita.

"Haya, kila mtu akumbuke mwaka ule alikuwa wapi jua likitetemeka. Mama, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Mama akafikiri. "Nilikuwa nagombana na baba yako."

"Na nani alikutikisa zaidi?"

"Hilo nalo ni swali?"

Hapo ukumbi wote ukaangua kicheko, Daktari naye akacheka mpaka miwani ya kichwani ikamshukia puani juu ya ile nyingine. Baada ya hapo waliuliza maswali ya watu wazima. Fundi cherehani alitaka kujua kama tetemeko hilo linatufikia huku, akaambiwa halifiki, linabaki hukohuko. Ninalokumbuka zaidi ni kwamba hakuna aliyekasirika Daktari aliposema "sijui". Waliona ni mtu anayetafuta tundu, kama fundi yeyote.

Mkutano ulichelewa, si unajua mikutano. Mwenyekiti alikuwa bado anatoa shukrani saa ya ukutani ilipofika saa saba kamili. Akanyamaza katikati ya neno. Ukumbi mzima, watu wazima na akili zao, tukageuza shingo dirishani. Jua lilikuwa pale. Kuku akapita uani akijikuna. Dakika moja ikaisha.

"Basi," mwenyekiti akasema, "naona tufunge."

Mama alirudisha godoro, japo alisema chini ya ngazi kulikuwa na ubaridi mzuri. Mimi nilizunguka nyumba kwa nyumba na mke wangu, wiki nzima baada ya kazi, kumwambia kila aliyenunua tangi kwamba habari ilitoka kwangu, si kwake. Wawili walirudisha matangi. Mmoja alinitukana vizuri sana, maneno yamepangwa, nikamwambia ana haki. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mke wangu alisimama kando yangu kila mlango, na nilipotaka kufupisha alikohoa.

Ilipita miezi mitano. Asubuhi moja Daktari akapiga simu, anaongea kama mtu anayekimbia. Kulikuwa na mlipuko, akasema, mdogo, wa kudharauliwa, wala hakuna aliyeuandika kwenye orodha ya mikubwa. Na umetikisa. "Njoo, fundi, uone mwenyewe. Mlete na yule kinyozi, lakini aahidi."

Nikaahidi. Nikafunga duka, tukaenda.

Nitasema kweli: mwanzoni sikuona kitu. Ule uji wa kijivu tu, unatokota. Daktari akaeleza kwamba jua linachemka lenyewe muda wote, kwa hiyo inabidi kuondoa kinachochemka ili kibaki kinachotetemeka, akabonyeza, akabonyeza tena. Nikaona vumbi. Nikageuka kumwuliza mke wangu, nikamkuta amekwishainama mbele, kidole hewani, kinafuata mstari polepole.

"Hapa," akasema. "Unaanza hapa. Huu unakuja huku. Na huu upande wa pili umefifia, kuna kitu kinaumeza."

"Doa," Daktari akasema kwa sauti ndogo. "Kuna doa jeusi hapo, linameza mawimbi. Mimi lilinichukua siku mbili kuliona."

Ndipo nami nikaviona. Vipande vya duara, hafifu kama alama ya glasi mezani, vinatanuka juu ya kitu kikubwa kuliko akili. Nikataka kusema neno, nikakosa. Kinyozi.

Mke wangu akashusha kidole. Kisha akauliza, "Sauti yake ikoje?"

"Haina njia ya kutufikia," Daktari akajibu. "Katikati hapa hakuna hewa ya kuibeba. Tunaona tu."

"Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuisikia."

"Hakuna."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa mbali. Wakati wa kutoka Daktari alimwomba aje kila mwezi kutazama picha pamoja naye, akasema atazungumza na wakubwa wake lipatikane jina la kazi hiyo. Mke wangu akasema atakuja Jumatatu za mwisho, isipokuwa kama kuna bomba limepasuka mahali.

Tulirudi kwa miguu. Mchana ulikuwa mweupe, barabara inawaka, watu wamejibanza kwenye vivuli vya kuta. Yeye alitembea katikati ya barabara, uso juu, macho ameyafumba, na mimi nimemshika kiwiko nisije nikamwingiza mtaroni.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Nyamaza kidogo," akasema.

Nikanyamaza.